Jinsi ya kupiga historia yote ya reivu kwa mchana mmoja hapa Mombasa

Haya, hii ni ya dijei, ama hata asiyekuwa dijei ila ana laptopu na marafiki, ambaye ashachoka kuambiwa muziki wa reivu, yaani rave, ule wa mashini wa kucheza masaa bila kukoma, ni mambo ya watalii wa hotelini na anataka kuwaonyesha watu kwa masikio yao wenyewe umetoka wapi. Mpango wenyewe si mgumu. Seti moja ya masaa matano, unaanza polepole mwaka wa 1977 unamaliza kwa kasi ya Dar es Salaam ya juzi, na katikati hapo kila adhana ikilia unashusha muziki, ikiisha unachukua maiki unawapa watu kisa kimoja, kisha unaendelea. Bahati nzuri historia hii imejipanga yenyewe kwa spidi, disko na hausi ziko kwenye mapigo 120 hivi kwa dakika, tekno karibu 130, jango 165 hadi 170, singeli yapita 200 na bado yaenda, kwa hivyo ukipandisha spidi pole pole unapanda na miaka pia, si sawasawa kabisa lakini kwa watu wanaocheza yatosha.

Fanya mchana. Najua utasema reivu ni ya usiku wa manane, lakini zile kanuni za kelele za 2009 ambazo NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wanazisimamia zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kuanzia hapo sehemu za makazi kiwango cha nje ni desibeli 35, hiyo hata wazee wakibishana mpira barazani wameshaipita. Mchana ni 50, ambayo spika pia itaipita, kwa hivyo kibali cha kaunti kitafute mapema na usiende kwa kubahatisha. Anza saa tisa alasiri maliza saa mbili kasoro. Faida nyingine ya mchana ni kwamba mabinti wengi wa mjini hawapewi ruhusa ya kutoka usiku lakini saa tisa wanakuja na dada zao na binamu zao, na uwanja wenye wanaume watupu ushajua unavyokuwa. Ramadhani usiguse, hiyo sina haja ya kueleza.

Pahala. Ukipata ukumbi ama godauni lisilotumika ni sawa, tena yaendana na hadithi yenyewe, utaona mbele. Ukitaka ufuoni, Bamburi ama Shanzu ama huko Nyali, angalia kwanza kalenda ya maji, manake siku za bamvua maji yanapanda mpaka ukutani na utajikuta na jenereta inaogelea. Pia wakati wa kusi upepo watoka baharini unabeba sauti yote mpaka kwa majirani wa ndani, kwa hivyo geuza spika ziangalie maji ama ngoja kusi ipite.

Spika kodi kwa watu wa muziki wa harusi, wako kila mtaa kuanzia Majengo mpaka Kisauni na bei wanaongeleka, ila kuna kitu kimoja uwe mkali nacho. Vyombo vya harusi vimepangwa kwa sauti ya mwimbaji na ya MC, juu kuna makali mengi, chini hakuna kitu. Muziki huu umejengwa kuanzia chini. Waambie wataka besi mbili za inchi 18, na uziskie zikilia kabla hujatoa pesa. Kwa watu mia hivi besi mbili na spika mbili za juu zinatosha, na jenereta ya kVA 5 ikae kando hata kama stima ipo, manake stima ikipotea katikati ya tekno watu wataenda kununua mishkaki na hawarudi. Maji ya kunywa yawe ya bure. Si ukarimu tu, huko Uingereza mwanzo wa miaka ya tisini kulikuwa na vilabu vilivyofunga mabomba ili watu wanunue chupa, wakati vijana wanacheza masaa sita ndani ya joto na wengine wamemeza vidonge vya ekstasi, na kuna waliozidiwa. Na hapo hapo niseme, ukisimulia historia hii usikifiche kidonge kile, kilikuwepo na kiliibeba miaka ile ya 1988 na 1989, kisimulie bila kukisifu, mji huu unga umeshatuchukulia vijana wa kutosha.

Kabla ya saa tisa watu wakiwa wanaingia piga amapiano, yeyote unayoipenda. Iko kwenye 112 hivi, kila mtu anaijua, na ni mtoto halali wa hausi, ila ukiiweka katikati ya seti itakuvunjia ngazi unayopanda. Ipige mlangoni, ukimaliza umemaliza.

Saa tisa kamili: Munich na Chicago

Fungua na I Feel Love ya Donna Summer, 1977, Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliirekodi Munich, na ukitoa sauti ya Donna karibu kila unachosikia ni sinthesaiza. Watu wazima wataitambua, vijana watadhani imetoka mwaka jana. Mwaka huohuo wa 1977 Chicago kukafunguliwa klabu inaitwa The Warehouse, ndani ya jengo la zamani la viwandani, na dijei wake alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi kutoka New York. Waliokuwa wakienda pale ni vijana weusi na Walatino, wengi wao mashoga, watu ambao vilabu vingine viliwafungia mlango. Sema hivyo hivyo kwenye maiki, usizunguke. Kuna watakaonuna, wataendelea kucheza. Jina la hausi lenyewe wengi wa Chicago wanasema limekatwa kutoka kwa jina la klabu hiyo.

Sasa mbinu ya mikono, manake huu ndio mwanzo na ukikosea hapa utakosea mpaka usiku. Muziki huu wote wahesabika kwa nne, na vitu vipya huingia kila baada ya mapigo 32, yaani nne mara nane. Wimbo mpya uanzishe pale hesabu inapoanza upya, uingize kwanza zile ngoma za juu huku besi yake umeifunga kwa ile nobu ya chini ya miksa, ukifika mwisho wa 32 funga besi ya wimbo wa zamani na ufungue ya mpya kwa mkupuo mmoja. Besi mbili zisilie pamoja hata siku moja, zinapigana na ukumbi mzima unavurugika hata kama watu hawajui kwa nini. Spidi pandisha pole pole, pigo moja kila baada ya nyimbo mbili tatu, hakuna atakayeona. Deki nyingi zinakupa asilimia nane juu na nane chini, kwa hivyo wimbo wa 120 unaweza kuusukuma mpaka karibu 130, lakini sauti ya mwimbaji itaanza kuwa ya kitoto kama hujawasha ile kinga ya kuzuia sauti isipande (key lock), iwashe.

Adhana ya alasiri hapa kwetu huangukia kati ya saa tisa na kitu na saa kumi kasoro, angalia ya siku hiyo. Shusha mpaka kimya kabisa, si nusu nusu. Ikiisha shika maiki ueleze tarehe 12 Julai 1979. Siku hiyo kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hapohapo Chicago, mtangazaji mmoja wa redio anaitwa Steve Dahl aliwaambia watu waje na santuri ya disko waingie kwa senti 98, kisha katikati ya mechi mbili akalipua rundo zima kwa baruti. Watu wakavamia uwanja, wakachoma, mechi ya pili haikuchezwa. Sasa sikiza utamu wake. Kulikuwa na kijana mweusi akifanya kazi hapo uwanjani ya kuelekeza watu viti, anaitwa Vince Lawrence, anaweka akiba anunue sinthesaiza, na yeye alisema baadaye kuwa santuri nyingi zilizoletwa hata hazikuwa disko, zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Miaka mitano baadaye, 1984, Vince huyohuyo na Jesse Saunders wakatoa On and On, inayohesabiwa na wengi kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Ukimaliza hiyo sentensi, ipige. Usiongee tena, bonyeza tu.

Mashini mbovu na Mumbai

Baada ya hapo ingia esidi hausi, na hapa lazima ueleze vyombo kwa sababu muziki huu uliundwa na vitu vilivyokosa wateja. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashini ya ngoma TR-808 mwaka wa 1980, ikaja TR-909 mwaka wa 1983, na kijisanduku kidogo cha fedha kinaitwa TB-303 mwaka wa 1981. Hiki kidogo walikusudia kimsaidie mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake kwa kumpigia besi. Hakikufanana na besi hata kidogo, ilipofika 1984 wakaacha kukitengeneza, vikajaa maduka ya mitumba bei ya chini, na vijana wasio na pesa wakavinunua. Chicago kikundi cha Phuture, yaani DJ Pierre, Spanky na Herb J, wakakizungusha zile nobu wakati kinalia, ile inayofunga na kufungua ukali wa sauti na ile inayoufanya upige mluzi, na ikatoka sauti kama ya mbu aliyenaswa kwenye chupa. Wakampelekea dijei Ron Hardy kanda pale klabu ya Music Box, na santuri yake, Acid Tracks, ikatoka 1987. Ina zaidi ya dakika kumi na moja. Usiikate mapema, wape watu angalau dakika sita, dakika ya pili watakuangalia vibaya na dakika ya tano utaona magoti yameanza kukunjika.

Kisha hapo hapo fanya jambo ambalo madijei wengi wa Ulaya hawalifanyi, piga Charanjit Singh. Huyu alikuwa mpiga vyombo wa filamu za Kihindi huko Bombay, Mumbai ya leo, na mwaka wa 1982, miaka mitano kabla ya hiyo ya Chicago kutoka, alichukua 303 na 808 akapiga raga kumi, zile tuni za asili za Kihindi, juu ya mdundo wa disko, albamu nzima. Haikuuzwa, ikasahaulika, mpaka ilipotolewa tena mwaka wa 2010 watu wakashika vichwa. Hakuna ushahidi kuwa vijana wa Chicago waliisikia, kwa hivyo usiseme ati esidi ilianzia India, hiyo ni porojo, sema tu mashini ile ile kwenye mkono mwingine ilitoa kitu jamaa yake. Na hapa Mombasa ina uzito wa pekee. Huu ni mji uliolelewa na Juma Bhalo akiimba taarab kwa miondoko ya Kihindi, mama zetu masikio yao yanazijua hizo raga bila kuambiwa, nakuhakikishia shangazi yeyote aliyekaa nje na madafu yake atageuza shingo.

Saa kumi na nusu: Detroit

Wengi wanaopiga historia hukimbilia London hapa. Usikimbie, kaa Detroit saa nzima, manake hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Tekno haikuzaliwa Ujerumani. Ilizaliwa kwa vijana watatu weusi waliosoma shule moja Belleville, nje kidogo ya Detroit: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Detroit ilikuwa mji wa viwanda vya magari, viwanda vikawa vinafungwa na roboti zinachukua kazi, na usiku redioni kulikuwa na mtangazaji anajiita Electrifying Mojo aliyekuwa akiwapigia Kraftwerk wa Ujerumani na Parliament na Prince bila kujali nani mweusi nani mzungu. Atkins akiwa na kundi la Cybotron alitoa santuri tangu 1981, na mwaka wa 1985 kwa jina la Model 500 akatoa No UFOs. Jina la tekno lilibandikwa duniani mwaka wa 1988, London walipotoa mkusanyiko wa nyimbo za Detroit na neno hilo likawekwa juu ya jalada.

Kupiga tekno yataka subira ambayo sisi watu wa Pwani tuliozoea MC kupiga kelele kila sekunde kumi tunaikosa. Hakuna kupayuka kwenye maiki. Hakuna kurudisha wimbo nyuma. Acha nyimbo mbili zilie pamoja dakika mbili nzima, ya kwanza ukiwa umebakisha ngoma zake za juu tu, huku spidi yapanda kutoka 124 mpaka 130. Katikati weka Strings of Life ya Derrick May, 1987, ile piano itawaokoa waliochoka. Ukiona watu wameanza kukaa usiogope ukabadilisha, ngoja, dakika kumi watarudi wenyewe.

Saa kumi na moja na nusu: Uingereza na Berlin

Sasa Ulaya. Mwaka wa 1987 madijei wanne wa Kiingereza, Paul Oakenfold, Danny Rampling, Nicky Holloway na Johnny Walker, walienda likizo Ibiza wakamsikia DJ Alfredo kwenye klabu ya Amnesia akichanganya hausi na kila kitu, wakarudi nyumbani na wazimu. Rampling akafungua Shoom London mwaka huohuo, Manchester nako klabu ya The Haçienda, iliyokuwa wazi tangu 1982 inahangaika kujaza watu, ikafurika. Ilipofika 1989 vilabu havikutosha, pati zikahamia mashambani na kwenye maghala kando ya barabara ya M25 inayozunguka London. Waandalizi walikuwa wanatoa namba ya simu tu, unapiga usiku ule ule unaambiwa pa kukutana, ukifika hapo waelekezwa kwingine, msururu wa magari nyuma yako, polisi wakija kujua ni wapi washafika maelfu na hawawezi kuwatoa. Leo ni lokesheni ya WhatsApp lakini mchezo ni ule ule.

Kwa muziki wa hapa chagua zile zenye piano nzito na sauti za kike zilizokatwa vipande, spidi 125 mpaka 135, piga za furaha kabisa, jua lashuka na watu wameshapoa. Berlin mpe robo saa, 130 kwenda juu, giza na chuma. Ukuta ulianguka Novemba 1989, upande wa mashariki majengo matupu hayana mwenyewe, na Machi 1991 ikafunguliwa Tresor ndani ya vyumba vya kuwekea pesa chini ya duka kubwa la zamani. Santuri walizokuwa wakipiga nyingi zilitoka Detroit, ndiyo maana nikakwambia kaa huko kwanza. Wajerumani wenyewe waliitambua tekno ya Berlin kuwa urithi wa utamaduni wao mwaka wa 2024, na wana haki, waliilea, ila mlezi si mzazi.

Halafu kuna somo la kazi hapa, si la muziki. Love Parade ilianza Berlin Julai 1989 na watu kama 150 nyuma ya gari, kufika 1999 wakakadiriwa milioni moja na nusu. Mwaka wa 2010 ilipofanywa Duisburg watu walibanana kwenye njia moja ya kuingilia na kutokea, wakafa 21. Kwa hivyo hata kama ni watu mia hapo kwako, milango miwili, yote wazi, hakuna pikipiki za boda zimeegeshwa mbele yake, weka mtu asimame hapo.

Adhana ya magharibi. Kimya. Hiki kipumziko kiwe kirefu, wanaoswali waende waswali, wengine wapate mhogo na pilipili. Wakirudi wasimulie Castlemorton. Mei 1992, uwanda wa wazi vijijini Uingereza, watu zaidi ya 20,000 walikusanyika karibu wiki nzima bila kibali, magenge ya spika yakiongozwa na Spiral Tribe, wakazi wakalia, magazeti yakawaka. Spiral Tribe 13 wakashtakiwa, mwishowe wakaachiliwa wote. Lakini serikali ilikuwa imeshaanza zamani, mwaka wa 1990 ilipandisha faini ya pati zisizo na leseni kutoka pauni 2,000 hadi 20,000, na mwaka wa 1994 ikapitisha sheria iliyompa polisi nguvu ya kuvunja mkusanyiko wa usiku wa watu 100 na zaidi wanaosikiliza muziki, na muziki wenyewe ukaelezwa ndani ya sheria kuwa unajumuisha sauti ambazo sehemu yake kubwa ni mfululizo wa midundo inayojirudia. Hebu fikiria kupeleka hiyo hapa. Vugo imekwisha, chakacha imekwisha, harusi zote za Kibokoni ndani. Na kwetu pia haikukosa, wakati wa beni, zile ngoma za tarumbeta na magwanda ambazo Mombasa vikundi vya Kingi na Scotchi vilikuwa vikishindana, wakubwa wa kikoloni walikuwa macho juu, wanashuku vijana wengi hivi wamejipanga hivi wana lao.

Hapo nimetaja chakacha na najua kuna mtu atataka kuichanganya na hausi. Chakacha yahesabika kwa sita, hausi kwa nne, ukizilazimisha zitakwaruzana. Kama wataka kweli mtafute mpiga ngoma mwenyewe akae kando ya deki akusikize, mashini haitakufanyia.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini: ujanja wa 85

Hii ndiyo sehemu niipendayo na ndiyo itakayokupa jina. Uko kwenye 135 na wataka kufika 170, huwezi kusukuma. Simamisha. Piga rega. Sikiliza vizuri, chagua rega na raga za Jamaika (ragga, si zile raga za Kihindi) zenye spidi ya 80 mpaka 87, zile nzito, na Mombasa hii sihitaji kukufundisha watu watafanya nini, matatu zote za Kongowea zimetufunza tangu utotoni. Wape nyimbo tatu nne wapumue. Sasa 85 mara mbili ni ngapi? 170. Jango, ule muziki wa London wa miaka ya tisini mwanzo, una ngoma zinazokimbia 165 hadi 170 lakini besi yake yatembea nusu, kwenye 85 ile ile. Kwa hivyo huku rega yalia unaingiza jango juu yake, besi yaendana, vichwa vyaendelea kutikisika polepole, miguu ndiyo yaanza kuchanganyikiwa, ukiondoa rega watu tayari wako reivu na hawajui wamefikaje. Wala si ujanja wa kubuni, jango ilitengenezwa hivyo, na watoto wa wahamiaji wa Jamaika waliokulia kwenye magenge ya spika ya baba zao, wakaikuta hausi na tekno mjini, wakazioanisha. Madijei kina Fabio na Grooverider walikuwa wakizisukuma hizo spidi kwenye usiku wao wa Rage pale klabu ya Heaven.

Isha ikilia, saa moja na nusu hivi, kimya cha mwisho, na kisa cha mwisho ni cha Gregory Coleman. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa The Winstons, na kwenye wimbo wa Amen, Brother wa 1969 alipiga ngoma peke yake sekunde kama sita saba. Sekunde hizo zikakatwa, zikaharakishwa, zikapangwa upya, zikawa mgongo wa jango karibu yote na maelfu ya nyimbo nyingine. Yeye hakupata hata senti, alikufa 2006. Mwaka wa 2015 mashabiki walifanya harambee mtandaoni wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer, pauni 24,000, kiasi ambacho kiko mbali sana na kilichoingia kwa wengine. Wapigie watu kwanza zile sekunde peke yake, polepole kama zilivyorekodiwa, mara mbili. Kisha wimbo mmoja wa jango uliozitumia. Uso wa watu wakizitambua ndio malipo yako. Na wewe usiibe, nyimbo zako nunua, nyingi zipo Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa bei ya sahani ya biriani.

Utaona sijataja ile miaka ya madijei wa viwanjani, fataki, majukwaa ya LED na Las Vegas. Ilikuwepo, ilileta pesa nyingi, ruka.

Dakika ishirini za mwisho ni singeli. Kutoka 170 kwenda 200 na kitu hakuna daraja, usijaribu kulijenga. Weka mwangwi kwenye jango, ukate, MC ahesabu moja mbili tatu kwa Kiswahili, dondosha. Singeli ilitoka uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, zile pati za mtaani za kukesha, madijei wakichukua kipande cha taarab wakakizungusha na kukiharakisha na MC akamwaga maneno juu, studio za kama Sisso pale Mburahati zikaifanya iwe kitu kamili, na mkusanyiko wao wa Sounds of Sisso ulipotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege ya Uganda hao vijana wakaanza kualikwa Ulaya, Berlin ikiwemo. Baadhi ya nyimbo zapita 250. Hakuna ujuzi wa kuchanganya hapa, kata tu kutoka moja kwenda nyingine, MC awe mtu anayejua kuropoka kwa mpangilio, na wimbo mmoja uwe na taarab yake inasikika wazi, wale mashangazi wa madafu wakiweza kuimba utakuwa umefanya kazi. Atakayetaka zaidi mwambie mwisho wa mwaka aende Kilifi, kule kuna tamasha la mibuyuni, si mbali.

Saa mbili kasoro dakika tano kata. Usipige wa kupoza, usipige wa kuagana, watu watatulia wenyewe wakitafuta viatu. Madereva wa tuktuk wawe washaambiwa saa ya kuja. Na kwenye kuzima fuata mpangilio, amplifaya za spika kwanza, miksa baadaye, laptopu mwisho, jenereta ndiyo ya mwisho kabisa, manake ukizima miksa amplifaya zikiwa bado ziko wazi ule mlio wa pap unaweza kuchoma twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na vyombo vya watu wa harusi ukivichoma utavilipa, wiki ijayo wana kazi.